Niko Hapa Kwa Sababu Bunduki Ilikosa

Wasee, leo sina video. Ni maandishi tu, na ni marefu, kwa hivyo chukua chai yako ukae.

Ilianza na aibu. Mwaka jana nilienda shoo ya Kabiru-ini, hapa Nyeri, na mbogi yangu. Kulikuwa na jamaa ameweka meza, bunduki mbili za upepo, na vifuniko vya soda vimepangwa kwenye ubao. Hamsini, risasi tano. Ukiangusha vitatu unapewa kikombe. Sasa, mimi ndiye bingwa wa manati kwa mbogi yetu. Jumapili tukishuka mtoni Chania kupiga mikebe, huwa nawafunga wote midomo. Nikalipa nikijiamini kabisa.

Nikakosa zote tano.

Nikasema bunduki imepinda. Rafiki yetu wa boda akasema aliyepinda ni mimi. Lakini yule mwingine, anayetengeneza pikipiki pale Skuta, hakucheka. Aliuliza swali moja tu: "Zimeenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilichojua ni kwamba hazikupata. Kuangalia zilipopata hata sikujaribu.

Akatueleza hivi. Risasi zikienda zote mahali pamoja, hata kama si pale unapotaka, basi bunduki iko sawa na mkono wako uko sawa. Ni kile kidude cha kulengea kimesukumwa kando. Lakini zikitawanyika, moja huku, moja kule, kuna kitu kimelegea. Inaweza kuwa skrubu, risasi zenyewe, ama wewe. Halafu akaongeza sheria yake ya gereji: unabadilisha kitu kimoja, unajaribu, ndio unabadilisha kingine. Ukibadilisha vitu vitatu kwa mpigo, bunduki ikipona hutajua ilikuwa inaugua nini.

Wa boda akalipa hamsini yake. Sisi tukaacha kuangalia vifuniko, tukaangalia alama kwenye ubao. Zilitawanyika. Fundi akashika kitako, akakitikisa, kikacheza. Skrubu ilikuwa imelegea mpaka unaizungusha kwa kidole. Tukaomba bisibisi kwa mwenye meza, akatupa huku amenuna. Raundi ya pili, risasi zikaja karibu karibu, lakini zote kushoto. Poa, sasa tunajua tulenge kulia kidogo. Raundi ya tatu fundi akaniambia niache kuikaba kama kuku anayetaka kutoroka.

Hii hata mimi sikuwa naijua. Bunduki ya upepo ya springi haifanyi kazi kama ile ya polisi. Ukivuta triga, springi inasukuma pistoni, pistoni inabana hewa, na hewa ndiyo inatoa risasi. Maana yake kuna chuma kizito kinakimbia na kugonga ndani ya bunduki kabla risasi haijatoka kwa mtutu. Bunduki inaruka wakati risasi bado iko ndani. Ukiikaba, kila mara inaruka vingine. Ukiilaza mkononi polepole, inaruka vilevile kila mara, na hapo unaweza kuizoea.

Nikaangusha vinne. Kikombe kiko kwetu jikoni mpaka leo.

Mwenye meza alitufukuza. Tukiondoka, mzee mmoja aliyekuwa ameketi kando, kofia na bakora, akasema kwa sauti: "Hata banda ilikuwa inalenga kuliko hiyo." Wazee wenzake wakacheka sana. Sisi tukabaki tumekodoa macho. Banda ni nini?

Jioni nikamuuliza shosho. Alikuwa anamenya waru. Kisu kikasimama.

"Hilo jina umelitoa wapi?"

Nikamweleza kuhusu mzee. Akanyamaza kidogo, akaendelea kumenya, halafu akanipa hadithi ambayo miaka yangu yote sijawahi kuisikia.

Baba yake alikuwa ngati, homugadi. Upande wa Tetu, mwaka 1953. Usiku mmoja mtu alimwita kwa jina akiwa nje. Akafungua mlango. Mlio mkubwa, moto, na risasi ikaingia kwa mwimo wa mlango, juu ya bega lake. Alipimiwa hatua sita, si zaidi. Asubuhi walikuta damu kwenye majani, si yake, na kipande cha bomba la maji kimepasuka kama ganda la ndizi. Shosho wangu alizaliwa 1955. Piga hesabu mwenyewe. Ile risasi ingepata, hakungekuwa na shosho, mama, wala mimi wa kukuandikia haya.

Kwa hivyo mimi ni mtoto wa bunduki iliyokosa. Na kama vile pale Kabiru-ini, nikataka kujua kwa nini ilikosa.

Kabla hujanitukana kuwa mjukuu wa ngati: upande wa baba, babu yetu alilala Manyani kwa sababu ya kiapo. Hapa Nyeri nyumba nyingi ziko hivyo. Upande mmoja wa picha ukutani hauongei na upande mwingine.

Turudi nyuma kidogo. Tarehe 20 Oktoba 1952, Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari. Vijana wakaingia msituni, wengine Nyandarua, wengine Mlima Kenya. Wengi waliingia na panga, simi na mkuki. Bunduki za kiwandani zilikuwa chache: za kuibwa, za kununuliwa kwa siri, za kunyang'anywa askari. Mwafrika wa kawaida hakuruhusiwa kumiliki bunduki. Setla alikuwa nayo kitandani. Hata ngati mwanzoni walipewa mikuki, ndiyo maana waliitwa kamatimo, watu wa vijimkuki.

Basi watu wakatengeneza zao. Hizo ndizo banda. Karari Njama, mwalimu kutoka Mahiga aliyeingia Nyandarua na kuwa mwandishi wa Dedan Kimathi, amezieleza kwenye kitabu alichoandika na Donald Barnett mwaka 1966, *Mau Mau from Within*. Mtutu ni bomba la maji. Kitako ni mti uliochongwa. Kinachogonga risasi ni komeo la mlango, na kinachovuta komeo ni mpira wa tyubu ya gari. Jumba la makumbusho ya vita kule London limehifadhi bunduki za aina hiyo. Yaani chuma cha mlango wa mtu wa hapa kwetu kimelala Uingereza.

Nikapeleka hayo yote kwa mbogi. Tukakaa gereji Skuta, fundi akiwa na mikono ya oili, tukaanza kuichunguza bunduki ambayo hatuna.

Kwanza, mtutu. Bunduki ya Waingereza wakati huo ilikuwa Lee-Enfield, risasi ya .303. Ndani ya mtutu wake kuna mifereji iliyopinda kama ngazi ya mzunguko. Risasi ikipita inazungushwa, na kitu kinachozunguka hakiyumbi ovyo. Kumbuka pia tulizochezea tukiwa watoto: ikizunguka inasimama, ikiacha kuzunguka inalala. Bomba la maji halina mifereji. Risasi inatoka bila kuzunguka, inaanza kupinduka hewani. Tena bomba halikupimwa kwa risasi ile. Kama ni pana, risasi inagonga ukuta huu, inagonga ule, na inatoka ikifuata kofi la mwisho. Moshi wenye nguvu nao unapita kando yake, kwa hivyo inatoka ikiwa dhaifu.

Pili, ule mpira. Hapa mimi ndiye niliyejua, kwa sababu ya manati. Mpira wa tyubu una tabia zake. Ukilala kwenye baridi na umande unakuwa mgumu. Ukikaa umevutwa muda mrefu unachoka. Leo unavuta kwa nguvu, kesho kwa uvivu. Na Nyandarua usiku si mahali pa mchezo, kule juu maji yanaganda. Fundi akaongeza la kwake: komeo likivutwa na mpira ni chuma kizito kinachokimbia, kama ile pistoni ya bunduki ya upepo. Bunduki inashtuka kabla risasi haijawaka. Ugonjwa ni uleule tuliouona Kabiru-ini, miaka sabini kabla.

Tatu, nguvu. Risasi ya .303 ikiwaka inasukuma kwa nguvu inayozidi ya maji ya mfereji kwa mamia ya mara. Bomba lilitengenezwa lipeleke maji jikoni. Lililoshikilia mara tano linaweza kupasuka ya sita, na linapasuka karibu na mkono na uso wa aliyelishika. Ndiyo ile damu kwenye majani.

Hapo nikadhani tumemaliza. Bunduki mbovu, imekosa, kwisha. Hivyo ndivyo wengi huongea kuhusu banda: vitu vya kuchekesha, vya watu ambao hawakuwa na akili ya mashine. Waingereza wenyewe kwenye ripoti zao waligawanya bunduki walizozikamata mafungu mawili. Kulikuwa na "silaha za usahihi", yaani za kiwandani, halafu kulikuwa na za kutengenezwa nyumbani. Unaona lugha? Usahihi ni wa kwao. Zetu hata hazikupewa nafasi ya kuitwa zimekosa, kwa sababu hakuna aliyetarajia zipate.

Lakini hii milima ilikuwa na wahunzi zamani. Mwaka 1910 William na Katherine Routledge walitoa kitabu baada ya kuishi na Wakikuyu huku pande za Nyeri. Humo wanaeleza jinsi wahunzi, aturi, walivyopata chuma kutoka kwa mchanga mweusi wa mitoni na kukiyeyusha kwa mivukuto ya ngozi ya mbuzi. Laana ya muturi iliogopwa sana. Na kitabu chenyewe walikiita *With a Prehistoric People*, watu wa kabla ya historia. Unaandika kurasa nzima ukieleza jinsi mtu anavyotengeneza chuma kutoka kwa mchanga, halafu unamwita hivyo. Sawa.

Ongeza waliorudi kutoka vita vya pili vya dunia. Waruhiu Itote, yule Jenerali China wa Mlima Kenya, mzaliwa wa Kaheti kule Mukurwe-ini, alikuwa KAR na alipigana Burma. Watu kama yeye walijua vizuri bunduki nzima inafanya nini. Ongeza waliofanya kazi kwenye gereji na karakana za useremala. Akili ilikuwepo, na mikono pia.

Kilichokosekana ni kile tulichokuwa nacho sisi Kabiru-ini kwa hamsini: raundi ya pili.

Fikiria. Sisi tulikosa tano, tukaangalia alama, tukakaza skrubu, tukajaribu tena. Fundi wa msituni angejaribu vipi? Risasi moja ilikuwa ya kutafutwa kwa hatari kubwa, unaichoma kwenye mti ili ujue bunduki inavuta kushoto? Mlio wenyewe unaleta askari. Na chini ya sheria za hali ya hatari, kupatikana na bunduki au hata risasi kulikuwa kosa la kunyongwa. Zaidi ya watu 1,000 walinyongwa wakati huo, na wengi wao si kwa kuua mtu. Itote mwenyewe alipokamatwa Januari 1954, miongoni mwa mashtaka yake kulikuwa na kupatikana na risasi. Alihukumiwa kifo, akaponea kwa sababu alikubali kuwa daraja la mazungumzo.

Kwa hivyo jaribio la kwanza la banda mara nyingi lilikuwa vita vyenyewe. Na ripoti ililetwa na aliyerudi, kama alirudi. Yule wa damu kwenye majani alikuwa na habari muhimu kuliko mtu yeyote: bomba la aina hii, risasi ya aina hii, limepasukia hapa. Kama hakufika kwa fundi wake, ile habari ilifia kichakani, na fundi akatengeneza nyingine hivyohivyo.

Walijaribu kuziba hilo pengo. Agosti 1953, viongozi wa Nyandarua walikutana Mwathe, mkutano mkubwa kweli, wakapanga majeshi manane na wakakubaliana kuweka vitabu vya kumbukumbu. Kimathi alikuwa mtu wa karatasi. Alitaka kila kitu kiandikwe. Nikiwa shule nilidhani huo ni ukarani tu wa kujifanya serikali. Siku hizi naona tofauti. Kuuliza "zimeenda wapi?" kunahitaji mtu wa kuandika jibu.

Na walifanya jambo lingine, la akili kuliko yote kwa maoni yangu. Kama huwezi kurekebisha bunduki, rekebisha umbali. Banda haikuwa ya kupiga mtu ng'ambo ya bonde. Ilikuwa ya kuvizia, karibu, gizani. Na mara nyingi kazi yake ilikuwa kukupatia bunduki nyingine, ile ya kweli. Tarehe 26 Machi 1953, kikundi kilivamia kituo cha polisi cha Naivasha kikiwa na bunduki chache tu. Kiliondoka na makumi ya bunduki na risasi nyingi, na wafungwa waliokuwa hapo wakafunguliwa. Banda ilikuwa ngazi. Hakuna anayeilaumu ngazi kwa kutokuwa ghorofa.

Nilipofika hapo nilikuwa nimefurahi sana, nikidhani nimewatetea mafundi wetu. Fundi wa Skuta akanikata.

"Ulisema hatua ngapi?"

"Sita."

Akachukua bomba la eksozi lililokuwa sakafuni, akalielekeza kwa mlango wa gereji. Akasema: "Hatua sita, mifereji haisaidii chochote. Risasi haijapata hata muda wa kupinduka. Hatua sita hata jiwe linapata mlango. Hizo sababu zako zote ni za hatua mia."

Tukanyamaza. Wa boda akasema labda ni komeo, lilishtua bunduki. Fundi akasema labda. Labda lilipasuka kabla risasi haijatoka vizuri, na mkono ukarushwa juu. Hiyo inaeleza damu. Halafu akasema kitu ambacho kimenikaa mpaka leo: "Lakini ulisema alimwita kwa jina."

Aliyemjua kwa jina alimjua. Pengine walitahiriwa mwaka mmoja. Pengine walichunga mbuzi pamoja. Kwenye ile orodha ya fundi, skrubu, risasi, ama wewe, sisi tulichunguza mbili za kwanza tu. Inawezekana ule mkono ulisita. Inawezekana alilenga bega la mlango akijua ni bega la mlango, ili arudi msituni aseme nilipiga, ikakosa, si mnajua hizi banda. Bunduki mbovu inaweza kumfichia mtu huruma yake.

Sitakudanganya kwamba ndivyo ilivyokuwa. Inaweza kuwa mtu alikuja kuua babu yangu na bomba likamsaliti. Ninachosema ni kwamba nimeenda na hilo swali kila mahali na halijalegea.

Unajua ilivyoisha. Waingereza hawakushinda kwa kulenga vizuri tu. Tarehe 24 Aprili 1954 walifunga Nairobi kwa ile Operesheni Anvil, wakakamata maelfu ya watu, na njia ya kupitisha risasi, dawa na vifaa kuja msituni ikakatika. Zaidi ya watu milioni moja wakalazimishwa kuhamia vijiji zaidi ya 800 vyenye uzio. Ukingoni mwa msitu wa Mlima Kenya wanakijiji walichimbishwa mtaro wa maili 50, ukajazwa miti iliyochongwa. Ukiangalia kwa jicho la fundi, waliwatenganisha watu. Mwenye bomba hakumfikia mwenye mpira, na aliyekosa hakumfikia anayeweza kumwambia kwa nini. Bunduki ambayo hakuna wa kuijadili haitaponywa.

Kimathi alipigwa risasi ya paja na kukamatwa Kahiga-ini, Tetu, tarehe 21 Oktoba 1956, miaka minne na siku moja baada ya hali ya hatari kutangazwa. Alishtakiwa hapa Nyeri, kwa kosa la kupatikana na bastola ya Webley na risasi sita. Silaha ya kiwandani, ya "usahihi". Akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Miaka 50 baadaye, siku ileile, wakazindua sanamu yake Nairobi, mkono mmoja bunduki, mwingine jambia. Nimesimama chini yake nikasoma maandishi. Jina lake liko pale. Lakini mtu aliyekaa chini ya mti na tupa, akisugua komeo la mlango mpaka likatosha, hana hata jiwe.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kozi ya uhandisi. Chuo chenyewe sikitaji, na sina kinyongo nacho. Karo na mimi tulishindwana. Lakini kwa mihadhara yote niliyokaa, nilisikia kuhusu injini za Ujerumani na viwanda vya Manchester. Sikusikia hata mara moja kwamba dakika 40 kutoka hapo, msituni, kulikuwa na watu waliojaribu kutatua tatizo gumu la uhandisi bila vipimo, bila majaribio, na kamba ya kunyongea ikiwangoja. Sisemi tuwasifu kwa kila walichofanya na hizo bunduki. Mimi ndiye wa mwisho anayeweza kusema hivyo, na mnajua sababu. Nasema tuwahesabu kama mafundi. Tukiwacheka kwa sababu zilikosa, angalau tujue kwanza zilikosa kwa nini.

Wiki iliyopita nilimrudia shosho. Nikamweleza yote: mifereji, mpira, nguvu ya risasi, hatua sita, mkono uliosita. Nilichora hata picha. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, na hiyo si kawaida yake. Nikangoja aseme kitu kuhusu baba yake, kuhusu bahati, kuhusu Mungu.

Akaniuliza, "Na yule wa damu, alifika kwao?"

Sikuwa na jibu. Najua tu kwamba kama alifika, basi kuna nyumba pande hizi ambayo guka alikuwa na vidole vitatu kwa mkono mmoja na hakuwahi kusema kwa nini. Kama ni kwenu, na kuna mzee bado yuko hai anayekumbuka, weka simu chini umuulize leo. Muulize ilipasuka vipi, na nani aliitengeneza. Halafu mwambie yule wa kwenye mlango alipona, akapata msichana, na msichana yuko hapa, anamenya waru, na anamuuliza.